Uliza Fundi: Chenga, Leso na Dakika Nne

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na nilipozitandaza mezani nikaona karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa nguo tofauti: hiki nilichokisikia, hiki nilichokiona, kina maana au ni kelele tu? Mimi sio mwanafalsafa, nimekaa kwenye kibanda cha kutengeneza redio hapa Tanga miaka mingi kabla magoti hayajagoma, kwa hiyo majibu yangu yote yatanuka risasi ya kuchomelea, mnivumilie.

Shikamoo fundi. Nina redio ya mzee, ile ya bendi tatu. Kila ikifika saa 12 na nusu jioni inaanza kukoroma mpaka saa 4 usiku hivi halafu inaacha yenyewe. Fundi wa kwanza kabadilisha kapasita, wa pili kabadilisha spika, bado inakoroma. Nimeshamwaga kama elfu 40. Je redio imekufa?
*Mudi, Korogwe*

Marahaba mwanangu. Redio yako nzima kabisa, na hao mafundi wawili acha niwanyamazie.

Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua, saa 12 na nusu. Kapasita haivai saa, bana. Kapasita ikiharibika inakoroma asubuhi, inakoroma mchana, inakoroma mpaka Ijumaa wakati wa hotuba. Kitu kinachojua saa ni binadamu, kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani hapo mtaani anawasha kitu giza likiingia na kukizima akienda kulala. Mimi naona taa. Hizi taa za LED za bei poa na chaja za simu za kuokoteza zinamwaga uchafu mwingi sana kwenye AM na shotiwevu, taa inawaka vizuri mwenye nyumba anafurahi, jirani mwenye redio ndo anaumia.

Fanya hivi. Weka redio kwenye betri, chomoa waya wa umeme. Kama bado inakoroma, ukiwa kwenye AM igeuze taratibu kama unavyogeuza sahani juu ya meza, mana antena ya AM imo humo ndani, ni kile kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, na kina upande. Kuna mahali utafika mkoromo unapungua. Ukipungua basi ujue unatoka nje, kitu kilichoharibika ndani ya redio hakijali redio imeangalia Lushoto au imeangalia baharini. Halafu zima swichi kubwa ya nyumba uone, kisha uwashe kimoja kimoja. Na usicheke, mimi mwenyewe niliwahi kufungua redio ya mteja wiki nzima, nimetoa nimerudisha, kumbe mkoromo ulikuwa unatoka kwenye chaja yangu mwenyewe pale pale mezani karibu na kiwiko. Nilimrudishia mteja hela yake na sikumwambia sababu.

Sasa kitu cha mwisho ambacho nakipenda kuliko vyote, tafuta daftari. Andika kila siku imeanza saa ngapi na dakika ngapi, wiki mbili. Ngoja nikwambie kwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kulikuwa na injinia kijana huko Holmdel, New Jersey, Marekani, anaitwa Karl Jansky, kaajiriwa na kampuni ya simu ya Bell, kazi yake kutafuta ni kelele gani zinazoharibu simu za redio za kuvuka bahari ya Atlantiki. Akajenga antena kubwa ya mabomba na mbao, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford ili izunguke, watu wakaiita bembea. Akapata radi za karibu, akapata radi za mbali, na chini yake kabisa akapata kitu cha tatu, shhhhh fulani hivi dhaifu isiyo na mwenyewe. Mwanzo akadhani ni jua kwa sababu ilikuwa inaelekea upande wa jua. Lakini jamaa alikuwa na daftari. Siku zikaenda, ile shhhh ikawa inawahi, kila siku inawahi dakika 4, baada ya wiki mbili imewahi karibu saa nzima na jua imeliacha huko.

Hizo dakika 4 ndo kila kitu. Jua linarudi pale pale baada ya saa 24, na taa ya jirani yako nayo inafuata saa 24 kwa sababu jirani anafuata jua. Nyota zinarudi baada ya saa 23 na dakika 56. Kwa hiyo kitu kinachowahi dakika 4 kila siku hakiishi mtaani kwenu, hakiishi hata hapa duniani. Mwaka 1933 Jansky akatangaza kwamba ile kelele inatoka katikati ya Njia ya Maziwa, ule ukungu mweupe wa nyota tunaouona usiku umeme ukikatika. Wenye simu zao hawakuwa na shida na nyota, wakampa kazi nyingine.

Kwa hiyo Mudi andika. Ikiwahi dakika 4 kila siku nipigie hata usiku wa manane. Ila naweka elfu 40 nyingine kwamba ni taa.

Fundi habari. Nyumbani tuna TV ya chogo ya zamani, juzi mwanangu wa darasa la saba kaiwasha bila antena, zikatoka zile chenga, akaniambia "mama hizi ni mabaki ya kuumbwa kwa ulimwengu". Nikamwambia aache kujaza uongo akasome. Nani yuko sahihi?
*Mama Neema, Morogoro*

Mama Neema, mwombe mtoto msamaha, ila nusu tu.

Chenga nyingi unazoziona zinatoka ndani ya TV yenyewe, joto linatikisa umeme ndani ya vifaa vyake, na nyingine zinatoka kwenye injini za pikipiki, nyaya za umeme, jua na kadhalika. Lakini wataalamu wanakadiria kwamba katika kila chenga 100, moja hivi ni mawimbi ya zamani kuliko nyota zote. Mtoto yuko sahihi kwa chenga moja, wewe uko sahihi kwa 99, gawaneni.

Namna yalivyogundulika ndo utamu wenyewe. Ni Holmdel tena, kampuni ile ile ya akina Jansky, mwaka 1964. Jamaa wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kama tarumbeta kubwa, mdomo wake mita 6, wanataka kupima mawimbi ya angani kwa usahihi mkubwa. Tatizo likawa kuna kelele imezidi. Ndogo mno, wao wanapima kelele kwa nyuzi za joto, na hiyo ilikuwa kama nyuzi 3 na nusu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Mtu mwingine angesema aah antena mbovu, angeitoa kwenye hesabu akaendelea na maisha yake.

Hao wakaanza kuzima kimoja kimoja kama nilivyomwambia Mudi. Wakaielekeza antena New York, jiji lenye kelele kuliko yote, hakuna tofauti. Wakangoja majira yabadilike, hakuna tofauti. Usiku na mchana ile ile, juu na pembeni ile ile. Wakaziba maungio ya antena kwa utepe wa aluminiamu, bado. Halafu wakaangalia ndani ya tarumbeta wakakuta njiwa wawili wamejenga humo na wamepaka ukuta kwa mavi. Penzias kwenye maandishi yake akayaita kwa heshima, kitu cheupe kisichopitisha umeme. Wakasafisha. Njiwa wakasafirishwa mbali, na njiwa ni njiwa, wakarudi. Mwisho wake haukuwa mzuri kwa njiwa. Na kelele ikabaki pale pale.

Wakati huo huo, chuo kikuu cha Princeton, mwendo wa chini ya saa moja na nusu kwa gari, profesa Robert Dicke na vijana wake wanajenga antena yao kwa ajili ya kutafuta kitu hicho hicho, joto lililobaki tangu ulimwengu ulipoanza. Penzias akampigia simu. Dicke alipokata simu akawaambia vijana wake kwamba wameshawahiwa. Ikatangazwa mwaka 1965, na mwaka 1978 Penzias na Wilson wakapewa Nobel.

Nataka mtoto wako aelewe hapa. Wale jamaa hawakusikia kitu cha ajabu, chenga ni chenga, zinafanana zote. Walichokuwa nacho ni majina ya kelele nyingine zote. Walijua New York inatoa kiasi gani, maungio kiasi gani, njiwa kiasi gani, ndo maana kile kilichobaki hawakuweza kukitupa.

Na hiyo TV ya chogo itunze. Tangu Dar walivyozima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 na sisi tukafuata, chenga zinapotea nyumba moja moja. King'amuzi kikikosa mawimbi kinagandisha picha vipande vipande tu, hakikuonyeshi kitu.

Assalaam aleikum fundi. Jirani yangu amenunua leso mpya, jina lake "Hasidi hana sababu". Ameivaa mara tatu wiki hii na zote nimemuona mimi. Sijamfanyia lolote. Nimeshaenda dukani nikaona moja yaweza kumjibu lakini nimesema nikuulize kwanza wewe mtu mzima.
*Bi Mwana, Likoni*

Waaleikum salaam dada. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa hela, mana ukishamjibu, hata kama yeye hakusema kitu, sasa mazungumzo yameanza.

Mimi siwezi kukwambia leso haisemi. Inasema, na wanawake wa pwani wanajua kuisoma kuliko barua, mtu anaweza kupita duka zima anatafuta jina tu, rangi baadaye. Tatizo ni kwamba leso hiyo hiyo inapikiwa, inabebea mtoto, inafunika maiti, inaziba dirisha jua likiwa kali. Maandishi hayabadiliki ila maana inakuja na kuondoka. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi kukuhukumia mtu.

Umesema kaivaa mara tatu "na zote nimemuona mimi". Dada, na zile ambazo hukumuona? Hiyo ndo hesabu inayokosekana. Kama kaivaa siku tano na wewe umekutana naye tatu, hiyo ni nguo mpya tu, nani anayenunua leso mpya akaiweka sandukuni. Lakini kama siku unayokuwa Mombasa mjini yeye anavaa dera, na ukisikika unafungua mlango anaingia ndani na kutoka na leso, aah hapo tunaongea lugha nyingine. Muulize mtoto wake au muuza mandazi wa pale, kwa mzunguko, usiulize moja kwa moja.

Angalia na mambo mengine pembeni. Mtu anayekurushia kijembe harushi mkono mmoja. Jina la leso liko chini nyuma, je amejifunga likaonekana sawasawa au limekunjika? Alikusalimia kwanza au alipita? Ameweka kitu hicho hicho kwenye status ya WhatsApp? Ukipata vitatu vinavyoelekea upande mmoja nirudie. Ukipata kimoja, leso ni leso.

Na kuna uwezekano mwingine ambao sipendi kuutaja ila ndo kazi yangu. Pengine anamsema mtu kweli, ila sio wewe. Mtaa una wanawake wangapi hapo?

Niaje fundi. Kuna admin mmoja wa Telegram simjui hata sura, kila wiki ananitumia mechi moja bure, "mwenyeji anashinda" au "mwenyeji hashindi". Wiki tano mfululizo kapatia zote. Sasa anasema wiki ya sita ni ya kulipia, laki mbili. Nimefikiria sana nimeona huyu jamaa ana taarifa za ndani. Nilipe?
*Kijana wa Mwanza*

Usilipe.

Sasa kaa nikuonyeshe, chukua kalamu. Admin ana namba za watu 1,024. Wiki ya kwanza nusu anawaambia mwenyeji anashinda, nusu hashindi. Mechi ikiisha kuna watu 512 wameona kapatia, wale wengine anawafuta. Wiki ya pili anawagawa tena, wanabaki 256. Ya tatu 128, ya nne 64, ya tano 32. Jamaa hajui mpira hata kidogo, pengine hajui hata offside, lakini mjini kuna watu 32 ambao wamemuona kwa macho yao akipatia mara tano mfululizo bila kukosea. Wewe ni mmoja wao. Wakilipa wote laki mbili mbili hiyo ni milioni 6 na laki 4 kwa kazi ya kutuma meseji.

Ushahidi ulionao wewe ni wa kweli kabisa, hujadanganywa mechi hata moja, na hapo ndo ubaya ulipo. Kinachokudanganya ni wale 992 usiowaona, mana mtu ambaye mkeka wake umechanika wiki ya kwanza haandiki barua kwenye gazeti.

Unataka kumpima? Mwambie kabla ya mechi aweke utabiri wake hadharani, mmoja, watu wote wauone. Au ingia kwake na laini tatu tofauti, ya kwako, ya shemeji, ya rafiki, halafu wiki ijayo mlinganishe meseji. Utacheka peke yako.

Fundi, najua wewe sio daktari ila unaeleza vizuri. Nilipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka cha kuchoma kidole, nikakutwa nayo, nikamaliza dawa zote nikapona. Baada ya siku kumi kichwa kikauma, nikapima tena, mistari miwili bado! Nianze dozi nyingine?
*Asha, Kahama*

Asha, kwanza rudi kituo cha afya umwambie mhudumu ulimaliza dawa lini, usianze dozi kwa kusoma gazeti. Ila nikueleze kwa nini hilo swali lako ni zuri.

Vipimo vingi vya kidole haviangalii kijidudu chenyewe, vinanusa protini ambayo kijidudu cha malaria kinaimwaga kwenye damu. Dawa inaua vijidudu siku chache tu, lakini ile protini inabaki inazunguka kwenye damu wiki kadhaa. Ni kama sufuria ya samaki, umeshakula, umeosha, na ukifunika ukafunua kesho bado inanukia changu. Mtu akinusa atasema humu mna samaki, na pua yake haina kosa.

Kwa hiyo kwa mtu aliyetibiwa juzi, mistari miwili haisemi kama kuna vijidudu hai. Omba wakupime kwa hadubini, wanaangalia damu kwenye kioo na wanatafuta kijidudu mwenyewe. Na wewe usiache kusema dalili nyingine, homa sio malaria tu, na kichwa kinaweza kuwa na sababu zake.

Shikamoo mzee. Je ni kweli wanasayansi wameshasikia redio za viumbe wa sayari nyingine halafu serikali zinaficha? Kuna mtu anatuambia hivyo kijiweni kila siku.
*Wana wa kijiwe cha Kinondoni*

Marahaba vijana. Nina visa vitatu, mpelekeeni.

Cha kwanza. Parkes, Australia, kuna dishi kubwa la mita 64. Kuanzia mwaka 1998 lilikuwa linanasa milio mifupi ya ajabu, inashuka kutoka masafa ya juu ya redio kwenda ya chini, kama kitu kilichosafiri mbali sana angani. Wakaipa jina, peryton, yaani mnyama wa hadithi. Kilichowatia shaka ni ratiba. Milio inakuja saa za kazi. Inapenda saa ya chakula cha mchana. Mwaka 2015 wakaweka mtego wakamkamata mhalifu, maikrowevu ya pale pale kituoni, mtu anapasha chakula chake, hana subira, anafungua mlango kabla haijalia kengele, ule uvujaji wa chini ya sekunde moja unaingia kwenye dishi. Ndo yale ya Mudi, kinachofuata saa ya binadamu ni cha binadamu.

Ila msicheke mkapitiliza. Kuna mlio mwingine ulitangazwa mwaka 2007 kutoka dishi hilo hilo, unafanana sana na ile ya maikrowevu, na kwa miaka wengine wakasema na huo ni takataka tu. Huo ulikuwa wa kweli, unatoka mbali nje ya kundi letu la nyota, na mingine ya aina hiyo imeshanaswa mingi kwa antena za nchi nyingi. Unaweza kuwa na takataka na dhahabu zinazofanana sura, kwenye ndoo moja.

Cha pili, Cambridge, Uingereza, 1967. Jocelyn Bell, binti wa Ireland ya Kaskazini, mwanafunzi, kazi yake kusoma karatasi inayochorwa na kalamu ya mtambo, mita 30 kila siku, kwa macho. Agosti akaona mchoro mdogo wa nusu sentimita hivi, sio nyota ya kawaida, sio mikwaruzo ya magari. Angeweza kuupita. Akakumbuka ameshauona kabla, sehemu ile ile ya anga. Akafuatilia, na kitu kikawa kinafuata saa ya nyota, zile dakika 4 tena. Tarehe 28 Novemba akaendesha karatasi kwa kasi, ikatoka tik, tik, tik, kila sekunde 1 na theluthi moja, sawasawa kama saa ya ukutani. Hapo hata maprofesa wakashtuka, wakakipa jina la utani, vijitu vya kijani.

Na mnajua nini kiliua vijitu vya kijani? Kabla ya Krismasi Bell akapata wa pili, upande mwingine kabisa wa anga, na mdundo wake mwenyewe. Jamii mbili za viumbe, mbali mbali, zote zimeamua kutupigia sisi wakati mmoja kwa masafa yale yale? Hapana. Zilikuwa nyota zilizokufa zikasinyaa, zinazunguka kama taa ya mnara wa bandarini. Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish na mwenzake Martin Ryle, Bell hakuwekwa, na mimi hilo mpaka leo linanikera.

Cha tatu ndo anachokipenda huyo mtu wenu wa kijiweni. Ohio, Marekani, tarehe 15 Agosti 1977, antena inaitwa Big Ear ikanasa mlio mkali wa sekunde 72. Jerry Ehman akausoma kwenye karatasi akauzungushia kalamu nyekundu akaandika pembeni "Wow!" Na sekunde 72 ni nzuri, ndo muda hasa ambao kitu cha angani kinachukua kupita mbele ya antena ile dunia ikizunguka. Lakini antena ilikuwa na midomo miwili, mmoja unafuata mwingine kwa dakika chache, na mlio ulionekana kwenye mmoja tu. Wamerudi kuangalia pale pale mara nyingi. Haujarudi. Hakuna aliyeuficha, umechapishwa kwenye vitabu, uko kila mahali, na hamna cha kufanya nao. Mgeni aliyebisha hodi mara moja usiku, ukafungua hakuna mtu.

Fundi salaam. Babu yetu ana miaka 87, kila Ramadhani anauona mwezi kabla ya kijiji kizima, na huwa yuko peke yake. Watu wameanza kunung'unika ila nani atambishia? Tufanyeje bila kumvunjia heshima?
*Wajukuu, Pangani*

Wajukuu, mambo ya dini waachieni masheikh wenu, mimi nitazungumzia macho tu.

Kuna kisa cha zamani kinasimuliwa, cha Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, alipokuwa mzee wa karibu miaka 100. Watu wametoka kuangalia mwezi, hakuna aliyeuona ila yeye, na anaonyesha kwa kidole, ule pale. Alikuwepo Iyas bin Muawiya, aliyesifika kwa akili na kuja kuwa kadhi wa Basra. Iyas akamtazama mzee usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho. Akaupangusa ukalala, akamuuliza kwa upole, tuonyeshe tena mwezi uko wapi. Mzee akatazama, akasema siuoni.

Nyie muulizeni babu mambo mawili kabla hajaulizwa na mtu mwingine. Umeuona upande gani wa pale jua lilipozamia? Na pembe zake zinaangalia wapi? Mwezi mwandamo haukai popote, unakaa karibu na jua lilikotua, upande wenye mwanga umelielekea jua, na kwetu huku karibu na ikweta mara nyingi unalala kama dau, pembe juu. Akiwapa jibu hilo, mshikeni mkono muende naye kwa sheikh. Akisema pembe zinatazama chini, mpeni chai.

Nyusi msimguse bila ruhusa. Anas alikuwa mpole, babu yenu simjui.